Saa Moja, Wajane Watatu

Mwenye kazi ya mikono aendelee nayo. Ninachotaka kwenu ni masikio, na nikimaliza nitataka hukumu, kwa hiyo asije mtu akaniambia alikuwa anasinzia. Habari yenyewe ni ya saa ya mkononi, saa ya bei kubwa, na ya wanawake watatu walioinunua bila kumwomba mtu ruhusa.

Kule Kyela alikuwako bwana mmoja aliyeitwa Ambangile Mwakatundu. Shamba lake la kakao lilianzia barabarani likashuka mpaka mtoni, na nyumbani kwake walikuwamo wake watatu.

Mkubwa, Subilaga, alijaliwa jicho. Mpeleke mnadani penye ndama mia, atazunguka polepole, mikono mgongoni, halafu atasimama mbele ya mmoja ambaye hakuna aliyemtazama. Mwaka unaofuata watu wanakuja kumwangalia ndama yule na kuuliza alitoka wapi. Kwenye vitenge ilikuwa hivyo hivyo, na kwenye miche, na hata kwenye watu.

Mdogo, Bupe, alijaliwa mdomo. Sisemi umbea. Akianza kuzungumza, hata aliyekuja na hasira zake alivuta kiti akae asikie mwisho.

Wa kati alikuwa Tusekile, na yeye kipaji chake watu hawakukiita kipaji. Tusekile alijua kukaa. Kuna fundi seremala aliwahi kuchukua mbao zao za milango, akaanza kuwapiga chenga, leo njoo kesho, kesho njoo keshokutwa. Tusekile akaenda na ungo wa maharage, akaketi katikati ya karakana, akaanza kuchambua. Hakutukana wala hakulia. Watu wakapita wakimruka miguu. Jioni ilipoingia milango ilikuwa imekwisha kupigwa randa, na fundi mwenyewe ndiye aliyeibeba kichwani hadi nyumbani kwao.

Basi mwaka mmoja kakao ilizaa sana. Wanawake wale walipasua maganda tangu alfajiri, wakavundika mbegu kwenye masanduku na kuzifunika kwa majani ya migomba, wakaanika, wakaanua mvua ikija, wakaanika tena. Mwaka huo Tusekile aliteleza na panga akaipoteza ncha ya kidole. Mwaka huo huo Ambangile alikwenda Mbeya akarudi na saa.

Ilikuwa saa hasa. Akiivaa hukunja mkono wa shati hata kukiwa na baridi. Watu walikuja kumpongeza, wakapikiwa pilau, wakaishika, wakasema mwanaume amejitendea. Mmoja wa wake zake akimwuliza ni saa ngapi, yeye hucheka na kumjibu, "Nyie mnataka saa ya nini? Jogoo mnaye." Nao hucheka naye, maana alikuwa mume wao, na hakuwa mtu mbaya.

Ambangile akafa. Siku ya kuanua matanga, mdogo wake, Lwitiko, aliingia chumbani, akatoka na saa mkononi. "Hii ni ya mwanaume wa nyumba," akasema, akaketi kula. Tusekile wakati ule alikuwa anapakua wali. Aliitazama saa ikipita mbele yake kuelekea kwenye sahani, mkono mwingine, saa ile ile. Hakuona wivu. Alijiuliza tu: katika wote waliokula pale, nani aliyejua saa ile ilitoka kwenye kakao ya nani?

Wajane wakaachiwa shamba walilime pamoja kwa ajili ya watoto. Wakalima. Bei ya kakao ikapanda kama haijawahi kupanda, watoto wakalipiwa shule, paa lililokuwa likivuja likaezekwa upya, na bado kikabaki kitu. Kilichobaki kilikuwa cha wote watatu sawa kwa sawa, kwa kuwa jasho lilikuwa sawa. Hilo mlikumbuke, msije mkaniambia baadaye kwamba fulani alitoa zaidi.

Nani aliyesema kwanza, "Tukanunue saa"? Wenyewe hawakubaliani hadi leo. Kila mmoja anadai ni yeye. Ninachojua ni kwamba walikuwa wanageuza mbegu kwenye vichanja vya kuanikia, neno likasemwa, na wote watatu wakaacha kugeuza.

"Saa kama ile?" akauliza Tusekile.

"Nzuri kuliko ile," akasema Subilaga.

"Watu watasemaje?" Tusekile akauliza tena.

Bupe akamwangalia. "Dada, wakati hatuna kitu walisema. Sasa tuna kitu wanasema. Mimi nataka wakisema, angalau mkononi kuwe na saa."

*

Walipofika Mbeya, kwenye stendi walikutana na kijana mwenye ubao wa saa kifuani. Alipowasikia wakiulizana njia ya duka la saa akawafuata.

"Mama zangu, msihangaike. Hizi hapa ni zile zile za Uswisi. Bei ya kuku wawili. Ni za kuigiza, sikuwafichi, lakini nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema Tusekile, wakaendelea na safari.

Duka lilikuwa kwenye barabara kuu, vioo vitupu, na ndani kuna ubaridi wa mashine. Mwenye duka, Bwana Msigwa, aliinua macho akaona kanga, kandambili na vidole vilivyoingia weusi wa kakao. Akasema kwa adabu kabisa, "Kina mama, duka la mitumba ni ng'ambo."

"Tumekuja kununua saa," akasema Bupe.

Bwana Msigwa akatoa saa za chini, za plastiki. Subilaga hata hakuziinamia. Akaweka mikono mgongoni, akaanza kuzunguka kama alivyozunguka mnadani. Kabati la kwanza, la pili, la tatu. Bupe alishikwa na saa moja ya dhahabu, imezungushiwa vijiwe vinavyometameta kama umande, akasema, "Dada, hii. Hii ukiingia nayo kanisani mchungaji anasahau sala." Tusekile naye aliiona akaipenda, tusimsingizie. Mwenye duka akachangamka, akasema naam, hiyo ndiyo ya kina mama, hiyo ndiyo hutoka.

Subilaga akaitazama kwa muda. "Hii inaniomba niitazame," akasema. "Nikiacha kuitazama italia. Irudishe."

Akaikataa na nyingine iliyokuwa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, na nyingine yenye saa ndogo tatu ndani ya saa. Halafu akasimama kwenye kona penye giza kidogo, akanyoosha kidole. Ilikuwa saa ya chuma, nyembamba, uso mweupe kama maziwa, mishale ya samawati, mkanda wa ngozi ya kahawia. Hakukuwa na kijiwe hata kimoja.

"Ile," akasema.

"Ile ni ya wanaume, mama."

"Nionyeshe palipoandikwa."

Bwana Msigwa akaigeuza, akatafuta, hakupaona. Akaitoa. Akawaeleza kwamba haina betri, kwamba mkono ukitembea nayo hupata nguvu, ukiivua ukaiweka siku kadhaa hulala, ukiivaa huamka. Subilaga akaiweka kiganjani, akatazama mshale mwembamba unavyozunguka, hauruki wala haushtuki, unateleza tu. Akawapa wenzake. Tusekile alipoishika aliona mikono yake imekuwa mizito ghafla, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Akaielewa. Ile ya dhahabu aliitafuta kwa macho na hakuona tena alichokuwa amekipenda.

"Hiyo hiyo," wakasema.

Bei yake ilikuwa ya ng'ombe wa maziwa watatu, imeandikwa kwenye kijikaratasi. Fedha hiyo walikuwa nayo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Bwana Msigwa alipoona hawatanii, akasita. Akasema saa ile ina mtu wake, mheshimiwa mmoja amesema awekewe. Bupe akauliza, "Amelipa?" Akasema hajalipa, lakini amesema. Bupe akauliza lini alisema, akajibu ni muda kidogo. Bupe akamwaga maneno yake yote, matamu na machungu, na katika yale machungu akamwambia mwenye duka kwamba angekuwa na adabu kwa wateja kama aliyonayo kwa mashine yake ya baridi angekuwa tajiri zamani. Ikawa kosa. Bwana Msigwa akafunga kabati kwa ufunguo. "Njooni wiki ijayo," akasema, "na mje na mzee wenu."

"Mzee wetu amekufa," akasema Subilaga.

"Basi mje na ndugu yake."

Subilaga alitoka nje bila kuaga. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake na hakuzoea kusukumwa. Bupe akamfuata, machozi ya hasira yanamlenga, anasema turudi nyumbani, kuna magari ya saa nane, laana ya duka hili. Walifika hata kwenye kona ya barabara. Wakageuka. Tusekile hayupo.

Tusekile alikuwa amevuta kigoda cha wateja, akaketi mbele ya lile kabati la pembeni.

"Mama, nimesema wiki ijayo," mwenye duka akamwambia.

"Nimekusikia."

"Basi?"

"Nakaa."

Akakaa. Wateja wakaingia, akawasalimu. Bibi mmoja aliyekuja kuweka betri alimwuliza kama ni mfanyakazi wa hapo, akamjibu kwamba hapana, yeye ni mnunuzi, anasubiri kuuziwa. Bibi akamgeukia Bwana Msigwa, akamtazama. Mteja mwingine akauliza hivyo hivyo, akajibiwa hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya upole. Wakati wa chakula mwenye duka alifunga mlango akala ugali wake mbele ya Tusekile, anatafuna huku anatazama ukuta, mpaka akashindwa akamkaribisha. Tusekile akanawa, akala naye, akashukuru, akarudi kwenye kigoda. Mgongo ulikuwa unamuuma na moyoni hakuwa na uhakika na chochote. Aliogopa wenzake wamemwacha, na alijiona kichekesho. Lakini kila alipofikiria kusimama, aliiona ile saa ikipelekwa kwa mtu ambaye alisema tu, bila kuitolea kitu, na miguu ikakataa kunyanyuka.

Bwana Msigwa akapiga simu. Mheshimiwa akasema bado anafikiria.

"Mwambie aendelee kufikiria," akasema Tusekile. "Mimi nimekwisha kufikiria."

Mwenye duka akaongeza bei. Tusekile hakubishana, akaelekeza kidole kwenye kijikaratasi. Mwenye duka akaongeza na maneno. Kidole kikabaki pale pale. Mwishowe Bwana Msigwa akacheka peke yake kama mtu aliyefungwa goli na mwanawe, akatoa ufunguo. Subilaga na Bupe, ambao walikuwa wamesimama nje muda wote kwenye kivuli cha nguzo wakichungulia kwenye kioo, waliingia mbio.

*

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Wajane wa Mwakatundu wamenunua saa! Ng'ombe watatu wamefungwa kwenye kifundo cha mkono! Sokoni watu waliwaita "kina Mheshimiwa". Wenyewe waliivaa kwa zamu, na aliyekuwa na zamu alikunja mkono wa gauni hata kukiwa na baridi.

Lwitiko hakucheka. Aliita kikao cha ukoo. Aliyekaa mbele alikuwa Mzee Anyosisye, mkubwa wa ukoo, mtu mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia. Lwitiko akasimama akasema hana ugomvi na shemeji zake, anawapenda, lakini wameanza kupotea. Shamba la marehemu liko mikononi mwa watu wanaofuja. Leo saa, kesho nini? Akaomba kikao kiliweke shamba chini yake, alisimamie yeye, na wajane wawe wanapewa mahitaji yao.

Tusekile aliposikia hayo akawatazama wenzake. Alijua kinachoitwa kupewa mahitaji. Ni kwenda kusimama mlangoni kwa mtu kuomba sabuni iliyotoka kwenye kakao yako.

"Tena," akasema Lwitiko, "nina hakika wametapeliwa. Kina mama hawajui saa. Ileteni."

Ikaletwa. Lwitiko akaivua yake, ile ya kaka yake, akaiweka mezani, akaichukua ya wajane. Akaigeuza. Akaitega sikioni. Akautazama mshale ukiteleza, na akaendelea kuitazama, watu wote wanamsubiri. Mtu mmoja akakohoa.

"Ni ya bandia?" akauliza Mzee Anyosisye.

"Si ya bandia," akasema Lwitiko, sauti imeshuka. Na alipoirudisha mezani aliirudisha polepole, kila mtu akaona. "Ndiyo maana nasema ni ufujaji," akaongeza. "Saa kama hii ni ya nini kwa mtu anayekwenda shambani?"

Bupe akasimama. Tusekile akashika ncha ya kanga ya mwenzake chini chini, maana alikumbuka dukani mdomo ule ulivyofunga kabati.

"Baba zangu," akasema Bupe, "nimeulizwa saa hii ni ya nini. Ni ya kuvaa."

Watu wakaguna. Mzee Anyosisye akainua mkono. Alikuwa anatafuta njia ya kuwatoa, hilo lilionekana. "Mwanangu, labda mmeiweka kama akiba. Nimesikia saa za namna hii hupanda bei. Kama ni akiba sema, tutaelewa, twende tukale."

Sema ndiyo, Tusekile akaomba moyoni. Sema ndiyo, yaishe.

"Hapana, baba. Hatuna nia ya kuiuza."

"Basi ni kumbukumbu ya marehemu. Mmeona saa yake imekwenda, mkataka kitu cha kumkumbuka."

Ukumbi mzima ukalegea. Hata Lwitiko alitazama chini. Lilikuwa jibu zuri, limeletwa kwenye sahani, limebaki kumezwa tu. Tusekile alivuta ile kanga kwa nguvu.

"Marehemu tunamkumbuka, baba," akasema Bupe. "Tunamkumbuka kila tunapopita kaburini. Lakini saa hii hakuijua, na sitamtumia kama mwavuli. Mnatutafutia uongo wa heshima, na nawashukuru kwa huruma yenu. Ninyi mnataka saa iwe na kazi nyingine ili iruhusiwe. Haina. Tuliiona ni nzuri, tukaitaka, tukainunua. Ada za watoto zimelipwa na nyumba haivuji, lakini sisemi hilo ili mtusamehe, kwa sababu sijakosa."

Mtu akasema, "Sasa huo ni ujeuri."

"Marehemu aliponunua yake," Bupe akaendelea, "kikao kilikaa nyumba gani? Nani alimwuliza ya nini? Mlikuja mkamshika mkono mkasema amejitendea. Ninyi nyote mliomo humu mmekula pilau ya siku ile, na kuni nilizitafuta mimi. Shemeji Lwitiko, ulipopaka pikipiki yako rangi ya dhahabu, ilianza kukimbia zaidi?"

Kicheko kikapasuka. Hata Mzee Anyosisye alifunika mdomo.

"Sikulaumu, shemeji. Ilipendeza. Siku ulipopita nayo nilisimama mpaka ukapotea kwenye kona. Ulitaka kitu chako kipendeze, ukakipendezesha, na wala hukugeuka mfujaji. Sisi tukinunua sufuria mnasema tuna akili. Tukinunua jembe mnasema tuna akili zaidi. Sufuria tunazo, baba zangu. Majembe tunayo. Mnataka kutunyang'anya shamba kwa sababu tumetaka kitu kimoja ambacho hakipiki wala hakilimi. Basi chukueni. Lakini mkichukua semeni sababu yenyewe, semeni kwamba wanawake hawa wametaka. Msiseme wamefuja."

Akaketi.  Tusekile akaiachia ile kanga.  Kisha shangazi mmoja wa ukoo, aliyekuwa mlangoni na sahani, akasema bila kuulizwa, "Mimi nilitaka miwani ya jua maisha yangu yote," na kicheko kikaanza tena, cha namna nyingine.

Mzee Anyosisye alishauriana na wazee wenzake. Akasema, "Shamba halihami. Waliolilima waendelee kulilima. Lwitiko, keti." Lwitiko akaketi.

Wanawake wakaanza kushangilia, lakini mzee akainua tena mkono.

"Bado. Saa hii ni ya nani?"

"Yetu," wakasema.

"Msiniambie yetu. Zamu zenu nzuri, maana mko hai na mnapendana. Mimi nauliza siku ambayo mmoja hayupo. Watoto wa nani watasema ni ya mama yetu? Kitu cha thamani kisicho na mwenyewe, kwa desturi yetu, humrudia mwanaume wa nyumba. Leo nimewalinda, kesho sitakuwapo. Nitajieni mkono mmoja, mbele ya mashahidi hawa, halafu hakuna atakayeigusa tena."

Subilaga akanyanyuka. "Ni wangu," akasema. "Lile jicho lililoiona kwenye kona ni la nani? Wenzangu walikwisha ganda kwenye vijiwe. Tungerudi na ile ya kumetameta, leo Lwitiko angeitupa mezani kwa kicheko, na shamba lingekwenda. Aliponyamaza mbele yenu, alinyamazishwa na chaguo langu."

"Jicho lako ni kweli, dada," akasema Bupe akinyanyuka tena, "lakini ni mkono wangu. Saa ilikuwa pale mezani, imechaguliwa, imenunuliwa, na ilikuwa inakwenda, na shamba nyuma yake. Mlipewa njia mbili za kudanganya na mlitaka nizipite. Nilikataa. Nimekuja mwisho kwenye nyumba ile, nguo zenu nimezivaa zikiisha, vyombo vyenu nimevipata vikiwa na nyufa. Hiki sisubiri kiishe."

Wote wakamgeukia Tusekile. Mzee Anyosisye akatabasamu, kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Tusekile mwanangu, wewe siku zote una moyo mpana. Utawaachia wenzako, tubaki na wawili."

Tusekile alihisi lile jibu la kawaida, wapewe wao, likimjia mdomoni lenyewe, jibu alilolitoa maisha yake yote, kwenye vipande vya nyama, vitanda na maneno ya mwisho. Alilisikia kabisa. Akalimeza.

"Sina moyo mpana, baba," akasema. "Nina mgongo mgumu. Ni mkono wangu. Dada aliichagua, kisha akatoka nje bila kuaga. Bupe aliisemea, na maneno yake ndiyo yaliyoifungia kabatini. Walikuwa wanarudi nyumbani hawa, wameshafika kwenye kona ya barabara. Jicho limeshatoka, mdomo umeshatoka. Aliyebaki dukani ni mimi."

Naye akasimama. Hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Waliangaliana, Bupe akaanza kucheka, Subilaga akacheka, na hakuna aliyeketi. Mzee akawaomba mmoja alegeze kwa ajili ya amani. Wakasema amani ipo, ila hakuna wa kulegeza. Akawaambia chakula kinapoa. Wakasema kiletwe.

Basi mimi nawaachia ninyi. Msiniambie iuzwe, mmesikia haiuzwi. Msiniambie zamu, mzee amekwisha zikataa. Asitokee wa kusema apewe mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, wala mdogo kwa kuwa ni mdogo, wala kwamba anayestahili ni yule atakayesema hataki, kwani hayupo. Mmoja aliiona mahali ambapo wengine hawakuona. Mmoja aliikalia mpaka ikatoka kabatini. Mmoja aliitetea bila kuisingizia kazi isiyo yake, na shamba likapona. Ukimwondoa yeyote, mezani hapana saa.

Wamesimama pale, mikono mitatu imenyooshwa, na macho hakuna aliyeyashusha. Wewe unayenisikiliza, mkanda umeushika. Unaufunga kwenye mkono wa nani, na wale wawili utawaambia nini?